Kapiteni Aliyekula Majani

Wiki iliyopita mwanangu wa mwisho alirudi na kitabu cha shule kilichoachia mgongo, nami nikafanya kile ambacho bibi yangu angefanya: nikakoroga unga wa muhogo kwa maji kidogo motoni mpaka ukawa gundi. Harufu ilipopanda, ile harufu ya uji usio na sukari unaokaribia kuungua, nikajikuta nimesimama na mwiko mkononi, nacheka peke yangu. Mwanangu akauliza nacheka nini. Nikamwambia nimemkumbuka kapiteni mmoja. Akauliza, kapiteni wa jeshi au wa mpira? Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani, na kulijibu inabidi nianzie mbali.

Ninyi wa rika langu mliosoma shule ya msingi Bujumbura wakati wa vita mtakumbuka kwamba tulijifunza mengi ambayo hayakuandikwa ubaoni. Tulijua mlio wa bunduki ya mbali na wa ile ya karibu. Tulijua kwamba mitaa imepata wenyewe, hawa huku na wale kule, na kwamba mtoto asipokuja darasani haulizwi kwa sauti. Lakini mengi zaidi tuliyajua vibaya. Asubuhi moja bibi, aliyenilea kwetu Buyenzi, mtaa wa Waswahili, alifungua dirisha, akaona barabara haina hata baisikeli, akasema, "Leo mji umekufa." Ndivyo watu wazima walivyoziita siku zile vijana walipofunga njia na maduka ya Asiatique, mtaa wa Wahindi, yakabaki na makufuli. Mimi nikaenda nikavaa gauni la Idi, nikajifunga kitambaa kichwani, nikakaa mlangoni.

"Unangoja nini?" bibi akauliza.

"Mazishi."

"Vua gauni, mwanangu," akasema. "Mji huu unakufa na kufufuka kila mara. Hatutauzika leo."

Kwa hiyo mjue mapema nilikuwa mtoto wa namna gani. Nikiambiwa neno, nililishika kama lilivyo.

Shule yetu ilikuwa katikati ya mji, na watoto wa mitaa mbalimbali tulikuwa bado tunakaa dawati moja, jambo ambalo wazazi wetu walikuwa wameacha kulifanya. Mwalimu wetu aliitwa Madamu Goreti. Alikuwa mrefu, mwembamba, na Kifaransa chake kilikuwa kimenyooka kama nguo iliyotoka kupigwa pasi. Siku alipotangaza kwamba kutakuwa na shindano la kusoma baina ya shule za msingi, alikuwa amekumbatia kitabu kifuani kama mtoto mchanga. Kila shule ilipewa nakala moja ya kitabu hicho hicho. Kila shule ingetoa timu ya wanafunzi wanne. Siku ya shindano timu ingesoma kwa sauti mbele ya watu, kisha ijibu maswali kuhusu hadithi.

Alimchagua Deo wa Nyakabiga, mwana wa karani wa serikali, ambaye alisema Kifaransa kama msoma habari wa redioni na hakuwahi kuonekana akikimbia. Alimchagua Nadine wa Mutanga Nord, msichana mdogo wa umbo aliyekuwa na desturi ya kumsahihisha mwalimu, kisha kuomba radhi. Alimchagua Bosco wa Bwiza kwa ajili ya sauti yake nene. Bosco alikuwa na njaa saa zote, hata akitoka kula. Na akanichagua mimi, Zaina, kwa sababu nilisoma haraka, ingawa mara nyingi nilikuwa kama mtu anayeteremka mlima kwa baisikeli isiyo na breki.

Siku chache baadaye milio ilisikika milimani juu ya Mutanga Nord, na ikasemekana shule zitafungwa. Madamu Goreti alituita wanne tukabaki darasani. Akaweka kitabu mezani, akatoa wembe kwenye mkoba wake. Huyu alikuwa mwalimu aliyemsimamisha mtu kona kwa kukunja sikio la ukurasa mmoja. Tukaona akifungua kitabu mahali pa kwanza, akiupitisha wembe mgongoni, kisha mahali pa pili, kisha pa tatu. Nadine alifumba macho.

"Mngekuwa pamoja mngesoma pamoja," Madamu akasema bila kututazama. "Sasa kila mmoja anakwenda kwao, na mimi sijui ni nani ataweza kufika kwa nani. Kila mtu ajue kipande chake kama anavyojua jina lake. Tukirudi, mtaelezana."

Akavifunika vipande vyote vinne kwa karatasi za mifuko ya simenti, akazibandika kwa gundi ya muhogo iliyokuwa bado vuguvugu. Mwanzo akampa Nadine. Kipande cha pili akampa Deo, cha tatu mimi, na mwisho akampa Bosco. Tukatoka kila mtu amebana kipande chake kwapani, tukaachana njia panda bila kuagana sana, maana tulidhani ni mambo ya siku mbili.

Yalikuwa majuma. Mchana bibi alitwanga sombe, yale majani ya muhogo, uani, mimi nikakaa kwenye mkeka kando yake nikisoma kipande changu. Kilianza katikati ya sentensi. Kilikuwa hadithi ya mtu aliyeitwa Kapiteni, aliyeishi mahali penye milima na baridi, kwa mwanamke mzee na mjukuu wake wa kiume, Remi. Kapiteni mwenyewe alikuwa na cheo tu, hakuna jina. Na huyo Kapiteni, jamani, alikuwa na mateso. Alilala bandani pamoja na kuku. Mvua ikinyesha, alisimama nje mpaka mtu akumbuke kumfungulia. Remi, mtoto mdogo, alimchapa fimbo kwa sababu alikataa kuvuka daraja. Na chakula chake kilikuwa majani makavu.

Nilisoma mahali hapo mara nyingi nikidhani Kifaransa changu kimenidanganya. Nikamtafsiria bibi.

"Majani gani?" bibi akauliza. "Sombe?"

"Apana, bibi. Majani ya porini. Yaliyokauka."

Bibi akaacha mchi ndani ya kinu. "Na yeye ni kapiteni kabisa?"

"Wanamuita Kapiteni kila ukurasa."

"Vita ni kitu kibaya," bibi akasema polepole. "Vinamtoa mtu na nyota zake begani, vinampeleka kulala na kuku. Na huyo mutoto anayemupiga mutu mzima, hana mama?"

Mahali pamoja yule mwanamke mzee alimwita Kapiteni *vieil âne*, yaani punda mzee. Nililifunga kitabu kwa hasira. Bujumbura hatuna punda. Sikuwahi kumwona hata mmoja. Kwangu punda lilikuwa tusi tu, lile ambalo mafundi wa magari wa mtaani kwetu walirushiana walipopotezeana spana. Kumwita hivyo mtu aliyesimama mvuani bila kulalamika niliona ni kukosa adabu. Bibi alikubaliana nami. Tangu siku hiyo, kila baada ya sala ya magharibi, alipomaliza kuwaombea marehemu na wagonjwa na wajomba zangu waliokimbilia Uvira, aliongeza, "Na yule kapiteni wa Zaina, Mwenyezi Mungu amfanyie wepesi." Nami niliitikia amina kwa moyo wote.

Shule ilipofunguliwa, nilikwenda na kipande changu ndani ya mkoba. Kwenye bariyeri ya kutokea mtaani kwetu kulikuwa na wanajeshi wawili wamekaa juu ya mifuko ya mchanga. Mmoja akafungua mkoba, akatoa kile kipande, akakigeuza huku na huku. Alinisemesha Kiswahili kwa kuwa aliona natoka Buyenzi.

"Kitabu gani hiki? Kichwa iko wapi?"

"Iko kwa Nadine, Mutanga Nord."

"Na miguu?"

"Kwa Bosco, Bwiza. Deo wa Nyakabiga iko na tumbo ya juu."

Mwanajeshi aliacha kutabasamu. Leo namwelewa: karatasi zilizokatwa, zimegawanywa mitaa minne, na mtoto anayetaja majina. Akauliza, "Inasema nini ndani?"

"Ni habari za kapiteni."

"Kapiteni gani?"

"Mi simujui jina. Anakulaka majani na kulala na kuku, na mutoto anamuchapaka."

Akamwita mwenzake, aliyekuwa mkubwa kwa umri, mwenye ndevu za siku kadhaa. Huyo alishika kipande, akasoma midomo ikicheza, akafunua mbele, akafunua nyuma. Halafu mabega yake yakatikisika. Alicheka mpaka akaegemea mifuko ya mchanga, akajifuta macho kwa mkono wa koti.

"Mudogo wangu," akaniambia akinirudishia, "kamwambie mwalimu wako, kapiteni hakulake majani. Ni siye askari wadogo njo tunakulaka."

Nilimshukuru, nikaenda zangu nikiwaza kwamba hata wanajeshi wenyewe hawajui wanayopitia wakubwa wao.

Darasani dawati la Nadine lilikuwa tupu. Madamu Goreti alisoma jina lake, akangoja, akasoma linalofuata. Siku ya pili vilevile. "Nadine atakuja," alituambia, lakini alikuwa akitazama dirishani. Shindano lilikuwa Jumamosi ile ile. Tulikaa watatu chini ya ngazi wakati wa mapumziko, tukaanza kuelezana hadithi isiyo na mwanzo.

Deo alifungua kipande chake kwa uso wa mtu anayetangaza msiba. "Kwangu walimtesa," akasema. "Wanamubebesha magunia mpaka mulimani. Halafu daktari alikuja, akamufungua kinywa, akahesabu meno. Halafu," akapunguza sauti, "walimuita muhunzi. Akamupigilia vyuma kwa miguu. Na misumari."

"Misumari kwenye miguu?" nikauliza.

"Nimetazama kamusi. Njo hivyo. Na Kapiteni hakusema neno."

Bosco peke yake ndiye aliyekuwa na habari njema, ila hata yeye hakuzielewa. Kwake, daraja lile ambalo Kapiteni alikataa kulivuka lilikuja kuvunjika, kijiji kizima kikaona kwamba alikuwa sahihi, wakamvika shada la maua shingoni. "Halafu akala," Bosco akasema.

"Akala nini?"

"Yale maua. Yote. Watu wakacheka."

Deo alitikisa kichwa. "Ni njaa. Mutu akikaa sana na njaa, hata heshima anaila."

Bosco, aliyelijua jambo hilo kwa undani, akakubali.

Kulikuwa na swali moja ambalo hatukuulizana: Kapiteni alikuwa wa upande gani? Kwa nini alikuwa mateka, na wa nani? Niliona Deo akitaka kuuliza, akamtazama Bosco, akaacha. Nadhani kila mmoja alikuwa amempa upande wa nyumbani kwao, na kwa kuwa sote tulimpenda, tuliona afadhali tusijue.

Mtauliza, na Madamu je? Madamu alitufanyisha mazoezi siku zote zile, tena kwa Kifaransa. Kapiteni analala wapi? Bandani na kuku. Vizuri. Kapiteni anakula nini? Majani makavu. Vizuri sana. Remi anafanya nini Kapiteni anapokataa kuvuka? Anamchapa. Sahihi kabisa, Zaina, kaa. Majibu yetu hayakuwa na kosa hata moja. Kilichonishangaza mimi ni jinsi Madamu alivyoyapokea bila huruma, kalamu mkononi, kama mtu anayehesabiwa viazi.

Shindano lilifanyika kwenye ukumbi wa shule moja Mutanga Sud, kule karibu na chuo kikuu, Jumamosi asubuhi, ili watu wawahi kurudi makwao. Jirani yetu Baba Sadiki, fundi magari, alitupeleka kwa pikapu ambayo mwenye gari alikuwa ameileta gereji kutengenezwa breki. Alituhakikishia kwamba breki ilikuwa imekwisha pona. Madamu alikaa mbele na bibi. Bibi hakujua Kifaransa hata cha kuombea maji, lakini alisema haiwezekani mjukuu wake asimame mbele ya watu bila mtu wake.

Timu zilikuwa chache, zimepangwa jukwaani kwenye madawati. Mwamuzi mkuu alikuwa mzee mwenye tai na miwani minene, na kengele ndogo mbele yake. Deo alisoma kwa niaba yetu, na ukumbi ulitulia kabisa. Alisoma mateso ya mhunzi kwa sauti iliyotetemeka kidogo mahali panapotakiwa. Watu wakapiga makofi. Bibi aliyekaa mstari wa mbele akanipungia ncha ya kitenge chake. Nikajua tutashinda.

Mwamuzi akageukia timu yetu. "Kwa nini mhunzi alimpigilia Kapiteni vyuma miguuni?"

Deo akasimama. "Ili aseme, bwana."

"Aseme nini?"

"Siri. Lakini hakusema."

Kulitokea kicheko kimoja nyuma, kikazimika. Mwamuzi akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. Akanitazama mimi. "Na kwa nini Kapiteni alikataa kuvuka daraja?"

Jibu hili nilikuwa nimelala nalo majuma mazima. Nikasimama wima. "Kwa sababu Kapiteni ni mwanajeshi mwenye uzoefu, bwana. Anajua kwamba kwenye daraja watu huvizia. Kwanza hupeleka wengine wakatazame."

Ukumbi wote ukalipuka. Timu ya kulia kwetu, watoto waliovaa soksi nyeupe, walikuwa wameinamia dawati wakipigapiga ubao. Nilimtazama Madamu Goreti. Alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili, na macho yake yalikuwa yamefunguka kwa namna ambayo sijawahi kuiona, kama mtu aliyekumbuka sufuria aliyoiacha motoni. Bibi alisimama, akawageukia watu walio nyuma yake.

"Munacheka nini?" akawauliza kwa Kiswahili. "Mutoto anasema habari za mutu mwenye shida."

Ni hapo mlango ulipofunguliwa. Aliingia mwanamume mwenye vumbi mpaka magotini, na mbele yake Nadine. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, juu yake sweta ya shule, na miguuni kandambili za mtu mzima. Kipande chake kilikuwa kwapani, karatasi ya simenti ikiwa imechakaa kwa kushikwa. Alitembea katikati ya ukumbi kama mtu anayechelewa sala, akapanda jukwaani, akamwomba mwamuzi radhi, akaketi kati yangu na Deo. Alinukia moshi wa kuni.

Nilimshika mkono chini ya dawati, Deo akamshika bega. Bosco akamuuliza, "Ulikuwa wapi?"

"Kwa shangazi, kule juu. Baba alisema hatuwezi kushuka. Mi nikamwambia, lakini niko na mwanzo."

Hakueleza zaidi, na mpaka leo sijui zaidi. Mwamuzi alitupa dakika moja ya kushauriana kwa sababu timu ilikuwa imetimia. Nadine akauliza mbona watu wanacheka. Tukamweleza haraka: vyuma, siri, mwanajeshi, daraja. Akatutazama mmoja mmoja, taratibu, kama alivyozoea kumtazama mwalimu kabla ya kumsahihisha.

"Kapiteni ni punda," akasema.

Mkono wake niliuachia. "Usimutukane, Nadine. We hujui aliyoyapata."

"Simutukani. Ni punda."

"Hata yule mwanamuke mzee alimuita hivyo. Na yeye alikosa adabu."

"Samahani, Zaina," Nadine akasema, akafungua ukurasa wa kwanza.

Kulikuwa na picha. Kitabu kizima kilikuwa na picha hiyo moja tu, nayo ilikuwa kwenye kipande chake. Mwanamke mzee, mvulana mwenye kofia, na katikati yao mnyama wa kijivu, masikio marefu, macho ya upole, anatazama moja kwa moja anayemsoma. Chini yake wameandika: Kapiteni.

Ningependa kuwaambia kwamba nilicheka. Deo ndiye aliyecheka, yeye ambaye hacheki. Niliona kila kitu kikimpitia usoni kwa mpangilio, magunia, meno, misumari, mpaka akalaza paji la uso juu ya dawati. Mimi nilihisi nimefiwa. Nilikuwa na mtu, mrefu, mwenye koti lililolowa, aliyesimama mvuani bila kulaumu, na mtu huyo alikuwa ameondoka kwa muda wa kufunua karatasi moja. Nilikitazama kile kinyama chenye masikio nikitafuta uso wake humo.

Kengele ikalia. Mwamuzi akauliza swali la mwisho kwa timu yetu: Kapiteni aliyafanya nini maua aliyovikwa, na kwa nini?

Bosco akasimama. Sauti yake ilijaza ukumbi mpaka darini. "Aliyala," akasema. "Kwa sababu ni punda."

Sijui kama kuna jibu lililowahi kupigiwa makofi kama hilo. Hata soksi nyeupe walisimama. Mwamuzi aliandika kitu, akakifuta, akaandika tena. Tulikuwa wa tatu, na tulipewa kila mmoja kalamu ya wino na penseli yenye kifutio. Waliotushinda walipewa kamusi. Deo alisema kamusi haikumsaidia mtu.

Tulipotoka, hatukuweza kuondoka. Njia ya kushuka mjini ilikuwa imefungwa, wakasema mpaka itakapofunguliwa tukae uani. Watu wazima walisimama kwa vikundi, wakisemezana kwa sauti za chini. Sisi tukakaa ngazini. Madamu Goreti akaja, akakaa nasi, sketi yake ya pasi juu ya saruji yenye vumbi. "Niliuliza maswali yote," akasema, "isipokuwa moja." Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akatoa leso.

Bibi alinivuta pembeni. "Nieleze vizuri. Wanasema nini juu ya kapiteni wetu?"

"Si mutu, bibi. Ni punda."

"Punda wa kweli? Yule wa kubeba mizigo?"

"Njo huyo."

"Kwa hiyo dua zangu zote za magharibi."

"Zilikwenda kwa punda, bibi."

Alijifunga upya kitenge, akatazama mlima uliokuwa mbele yetu. "Basi hazikupotea," akasema. "Punda, nani mwingine angemuombea?" Akaketi ngazini, akanyoosha miguu. "Haya. Nisomeeni tangu mwanzo. Zaina atanigeuzia Kiswahili."

Nadine akaanza. Baba yake, yule mwenye vumbi mpaka magotini, alikuja akasimama nyuma yetu. Nadine alisoma jinsi Kapiteni alivyozaliwa kwenye theluji na jinsi alivyopewa jina, kwa kuwa alitembea kifua mbele hata akiwa mdogo. Kipande cha Deo kilipofika, vyuma vya miguuni vilikuwa viatu tu, na daktari aliyehesabu meno alikuwa akitafuta umri wake. Watoto wa soksi nyeupe walisogea, kwanza ngazi ya chini, kisha ya juu. Nilipofika kwenye mvua, pale Kapiteni anaposimama nje mpaka mtu akumbuke kumfungulia, nilishusha kitabu. Nilikuwa nakijua kipande kile kwa moyo, sasa nilijua ni punda, na nililia kuliko nilivyolia siku zote nilipodhani ni mtu. Hakuna aliyenicheka. Bibi alinisugua mgongo, akasema, endelea.

Jua lilikuwa limeshuka na Bosco alikuwa ameanza mwisho wakati kijana wa langoni alipokuja kusema njia imefunguliwa. Watu wakaanza kukusanya watoto wao. Baba Sadiki aliwasha pikapu, akapiga honi, akapiga tena, halafu akaja mwenyewe ngazini na funguo mkononi, akihema.

"Bi Mkubwa, twende," akamwambia bibi. "Saa za kutembea zinakaribia kwisha, na ile breki mi siiamini kwa giza."

"Ulisema imepona," bibi akasema.

"Imepona ya muchana."

"Kaa kidogo. Daraja linavunjika."

Baba Sadiki alitazama barabarani, akatazama kundi lote lile lililokuwa limekaa ngazini, Mutanga na Nyakabiga na Bwiza na Buyenzi, na watu wa soksi nyeupe. Bosco alikuwa ameweka kidole kwenye mstari, anangoja.

"Na nani iko juu ya hilo daraja?" Baba Sadiki akauliza.

"Bado hatujajua," Nadine akasema. "Lakini punda alikataa kuvuka."

"Punda ana akili," Baba Sadiki akasema. Akaenda akazima gari, akarudi, akajipangusia nafasi kwenye ngazi ya chini kabisa. Bosco akakohoa kusafisha koo, akainua ile sauti yake nene, na akageuza ukurasa polepole, kama mtu aliyeketi mbele ya sahani iliyojaa.